Tathmini ya Kazi Katika Ofisi ya Bima: Mwongozo kwa Wafanyakazi na Wasimamizi wa Juba

Mwenye duka wa mtaa wa Malakia, Juba, anapolipa ada ya bima ya moto, haondoki na bidhaa mkononi. Anaondoka na hati inayomwahidi kwamba duka likiungua, kampuni italipokea dai lake, italikagua kwa haki na kumlipa anachostahili. Wanaoitimiza ahadi hiyo ni watu: afisa wa mauzo aliyemweleza masharti, afisa aliyekadiria thamani ya mali yake, na afisa wa madai atakayefungua faili siku ya msiba. Watu hao hupimwa kazini mara moja au mbili kwa mwaka, na kila mmoja huhangaikia kile anachopimiwa. Akipimwa kwa wingi wa hati alizouza tu, atauza bila kueleza. Akisifiwa kwa kubana malipo, atatafuta sababu ya kukataa dai.

Kwa hiyo tathmini ya utendaji kazi katika bima ina wadau wawili. Mfanyakazi ana lake, maana nyongeza ya mshahara, cheo na hata ajira yake vinategemea alama atakazopewa. Mteja naye ana lake, ingawa haitwi kwenye kikao na pengine hajui kwamba kikao kipo. Makala haya yanaeleza jinsi tathmini ya haki inavyofanyika, mfanyakazi ajiandae vipi, msimamizi aepuke nini, na hatua za kuchukua alama zikiwa mbaya. Yameandikwa kwa kuzingatia ofisi za Juba, ingawa mengi yatamfaa hata msomaji wa Kampala, Mombasa au Dar es Salaam.

Mazingira ya ofisi ya bima Juba

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kampuni za bima zenye makao makuu Nairobi zimefanya kazi nchini humo kwa miaka mingi, miongoni mwao UAP, Britam na CIC. UAP ilifika hatua ya kujenga Equatoria Tower, moja ya majengo marefu zaidi ya Juba.

Soko lenyewe ni la aina yake. Malakia ni mtaa wa kale wa biashara ulioanza kukua tangu enzi za ukoloni. Wenye maduka wa hapo na wa masoko jirani hupata bidhaa nyingi kutoka bandari ya Mombasa, zikipitia Uganda na mpaka wa Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami, barabara iliyokamilika mwaka 2012. Basi bima zinazohitajika ni za moto na wizi, bidhaa zikiwa safarini, magari na bodaboda, ajali za wafanyakazi, na matibabu ya wafanyakazi wa mashirika.

Ofisi inayouza bima hizo huwa na watu waliotoka sehemu nyingi. Meneja anaweza kuwa Mkenya na mhasibu Mganda. Afisa wa mauzo pengine alisoma Khartoum kwa Kiarabu, na mwenzake alilelewa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ambako alijifunza Kiswahili. Fomu ya tathmini hutoka makao makuu ikiwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi, ilhali kazi yenyewe inafanyika kwa Kiarabu cha Juba, Kiswahili na lugha za wateja. Hapo huzuka matatizo matatu: malengo yaliyopangwa kwa kufikiria soko jingine, pauni ya Sudan Kusini isiyotulia, na mfanyakazi anayetia saini maneno asiyoyaelewa vizuri. Mwongozo huu utayagusa yote matatu.

Kila kazi ina kipimo chake

Kosa la kwanza la ofisi nyingi ni kuwapima watu wote kwa fomu moja. Kazi za bima zinatofautiana sana, na kipimo kinachomfaa mmoja kinaweza kumharibu mwingine.

*Afisa wa mauzo.* Kipimo chepesi ni jumla ya ada aliyoandikisha. Hakitoshi. Kwanza, tofautisha ada iliyoandikwa na ada iliyolipwa. Hati ambayo mteja hajailipia ni deni. Pili, angalia ni wateja wangapi kati ya wa mwaka jana wamehuisha bima zao, kwa maana mteja aliyedanganywa harudi. Tatu, kagua baadhi ya hati zake na umpigie mteja simu: je, anajua alichonunua? Anajua kwamba bima ndogo ya gari inalipa madhara aliyowasababishia watu wengine, na kwamba gari lake mwenyewe likiharibika halipwi chochote? Anajua kwamba hati nyingi za kawaida haziingizi hasara za vita? Kwa mji ulioshuhudia mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, swali hili la mwisho ni la lazima.

Dunia imekwisha kujifunza gharama ya kupima mauzo peke yake. Nchini Uingereza mabenki yaliwauzia mamilioni ya wakopaji bima ya kulinda marejesho ya mikopo, wengi wao wakiwa hawaihitaji au hawana sifa ya kulipwa. Fidia waliyorudishiwa wateja ilipita pauni za Uingereza bilioni 38. Mdhibiti wa nchi hiyo alipochunguza mwaka 2012 namna wauzaji wanavyotuzwa, alikuta taasisi nyingi zina mifumo ya bonasi iliyomsukuma mfanyakazi kuuza bila kujali haja ya mteja. Tathmini mbaya ilizaa tabia mbaya, na tabia ikazaa hasara.

*Afisa anayekadiria hatari.* Huyu ndiye anayeamua kampuni imkinge nani, kwa ada gani na kwa masharti gani. Hupimwa kwa uwiano wa madai, yaani madai yaliyolipwa yakigawanywa kwa ada iliyopatikana. Tuchukue mfano. Afisa wa kwanza ameingiza ada ya dola 500,000, na madai ya wateja wake ni dola 450,000. Uwiano ni asilimia 90, na zimebaki dola 50,000 kabla ya gharama za ofisi. Wa pili ameingiza dola 300,000 na madai ni 120,000. Uwiano wake ni asilimia 40, na zimebaki dola 180,000. Ukitazama mapato tu, utampandisha cheo wa kwanza na kumkosea wa pili.

Hata hivyo uwiano wa mwaka mmoja unaweza kumwonea mtu. Moto mmoja mkubwa sokoni huvuruga hesabu ya afisa makini, na bahati ya mwaka mtulivu humfunika mzembe. Tazama miaka mitatu ikiwezekana, kisha kagua maamuzi yenyewe. Je, alilitembelea duka kabla ya kukubali? Aliandika hali ya nyaya za umeme, jenereta na mitungi ya kuzimia moto? Aliuliza maduka yamebanana kiasi gani? Wakazi wa Nairobi wanaoujua moto wa soko la Gikomba, na wa Dar es Salaam walioshuhudia soko la Kariakoo likiungua Julai 2021, hawahitaji kuelezwa kwa nini maswali hayo yana uzito.

*Afisa wa madai.* Hapa ndipo tathmini inapoweza kuumiza zaidi. Usimpe mfanyakazi alama kwa idadi ya madai aliyokataa wala kwa fedha alizookoa kwa kukataa. Dai la uongo likataliwe kwa ushahidi, dai la kweli lilipwe bila kuzungushana, na afisa apimwe kwa ubora wa kazi inayomfikisha kwenye uamuzi. Vipimo vya haki ni hivi: siku ngapi zilipita tangu dai kupokelewa hadi mteja kujibiwa kwa mara ya kwanza, siku ngapi tangu nyaraka kukamilika hadi malipo, faili ngapi zina ripoti, picha na hesabu zote, malalamiko mangapi yalionekana kuwa ya kweli, na maamuzi mangapi yalibatilishwa baada ya kupitiwa upya.

*Wengine.* Mhasibu apimwe kwa usahihi na kwa taarifa zinazotoka kwa wakati. Anayepokea wageni apimwe kwa jinsi anavyomfikisha mteja kwa mtu sahihi. Dereva apimwe kwa usalama na matunzo ya gari. Hakuna sababu ya kumpa dereva au mhasibu lengo la kuuza hati kumi kisha kumpunguzia alama asipozifikisha.

Mfano wa mgawanyo wa alama kwa afisa wa madai unaweza kuwa huu: kasi ya kujibu na kulipa 35, ubora wa faili 30, mawasiliano na wateja 20, kuwasaidia wenzake 5, na kujifunza 10. Ofisi inaweza kubadili namba, mradi mfanyakazi azijue mwanzoni mwa mwaka. Kumtangazia mtu vipimo mwezi Desemba kwa kazi aliyoianza Januari ni kumhukumu kwa sheria ambayo haikuwepo.

Pauni, dola na malengo ya mwaka

Malengo ya fedha Juba yanahitaji uangalifu ambao fomu ya Nairobi haiufikirii. Tarehe 15 Desemba 2015 Benki Kuu ya Sudan Kusini iliacha kiwango rasmi cha karibu pauni tatu kwa dola moja, na pauni ikashuka papo hapo hadi karibu 18.5. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 800.

Fikiria afisa mwenye mteja mmoja anayelipa dola 1,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha zamani cha 2.96, daftari lingeonyesha pauni 2,960. Kwa kiwango kipya, mteja yuleyule na ada ileile vinaonekana kama pauni 18,500. Kwenye karatasi afisa ameongeza mauzo zaidi ya mara sita, ilhali hajapata mteja hata mmoja mpya. Mwenzake anayeuza kwa pauni huku lengo lake likihesabiwa kwa dola huonekana amezembea, hata kama amefanya kazi usiku na mchana.

Dawa yake si ngumu. Kikao cha kupanga malengo kikubaliane na kuandika sarafu ya kupimia, kiwango cha kubadilishia kitakachotumika, na tarehe za kulipitia lengo upya pauni ikiyumba. Kando ya fedha, wekeni vipimo visivyoyumba na sarafu: idadi ya wateja waliohuisha bima, wateja wapya, maduka yaliyokaguliwa, na madai yaliyojibiwa kwa wakati.

Kuna jambo jingine ambalo linastahili alama zake kwenye fomu, nalo ni kupitia upya thamani iliyokatiwa bima. Tuseme mwenye duka alikata bima ya bidhaa za pauni 300,000 kabla ya Desemba 2015, karibu dola 100,000 kwa kiwango rasmi. Baada ya pauni kushuka, kiasi hicho kilikuwa sawa na dola 16,000 na kitu. Bei za bidhaa zikipanda hadi mzigo uleule ukawa na thamani ya pauni 1,800,000, basi amekata bima ya sehemu moja kati ya sita. Hati nyingi za moto zina sharti la kulipa kwa uwiano. Akipata hasara ya pauni 600,000, atalipwa 100,000 tu. Kwa mujibu wa hati kampuni haijamdhulumu, ila mteja ameachwa hana kinga aliyoidhania. Afisa anayewapigia simu wateja wake wote kuwaonya juu ya hili amefanya kazi kubwa kuliko aliyeuza hati tano mpya, na fomu isiyo na nafasi ya kumpa alama ina kasoro.

Kabla ya kikao: mfanyakazi ajiandae

Usingoje kuitwa. Kumbukumbu za mwaka mzima haziwezi kukusanywa usiku mmoja. Fanya haya tangu mwanzo wa mwaka:

1. Pata nakala ya maelezo ya kazi yako na ya malengo yaliyotiwa saini. Kama hayapo, yaombe kwa maandishi. Barua pepe fupi yenye heshima inatosha.

2. Andika kila wiki mambo matatu au manne: ulichokamilisha, kilichokwama, na sababu ya kukwama. Weka tarehe na namba ya faili. Usibebe nyumbani nyaraka wala siri za wateja. Kumbukumbu ya kazi yako mwenyewe inatosha.

3. Hifadhi shukrani na malalamiko ya wateja pamoja. Ukileta sifa tupu, msimamizi atakuwa na shaka. Ukionyesha lalamiko na jinsi ulivyolitatua, utaaminika.

4. Eleza vikwazo mapema. Mvua zikikatisha barabara ukashindwa kumfikia mteja, au ofisi ikifungwa kwa ajili ya usalama, mwandikie msimamizi wiki hiyohiyo. Sababu iliyoandikwa Agosti ni taarifa. Ikitajwa Desemba kwa mara ya kwanza huonekana kisingizio.

5. Jipime mwenyewe kwa fomu ileile kabla ya kikao. Jipe alama kwa ukweli, na kando ya kila alama andika ushahidi mmoja.

6. Andaa maombi mawili au matatu ya mwaka ujao: mafunzo, kifaa, au nafasi ya kujifunza idara nyingine. Kama ofisi inagharimia mitihani ya kitaaluma ya bima, uliza masharti yake.

Siku ya kikao

Kikao kizuri huchukua saa moja au zaidi, hufanyika faragha, na wote wawili huwa wamesoma fomu kabla. Waanze kwa kukubaliana lugha. Kama mfanyakazi anaelewa zaidi Kiarabu cha Juba au Kiswahili, mazungumzo yafanyike kwa lugha hiyo hata kama fomu itajazwa kwa Kiingereza. Msimamizi asiyeijua lugha hiyo amwite mtu ambaye mfanyakazi anamwamini, mwenye kutunza siri. Kumsomea mtu hukumu ya kazi yake kwa lugha anayoifahamu nusunusu ni kumnyima nafasi ya kujieleza.

Mazungumzo yajengwe juu ya matukio. Badala ya kumwambia mtu "Wewe ni mzembe," msimamizi aseme, "Mafaili manne kati ya kumi yalipita siku 30 bila barua kwa mteja. Tulikwama wapi?" Kauli ya kwanza inamvunjia mtu heshima na haimpi la kufanya. Ya pili inaweza kuonyesha kwamba mawili kati ya manne yalikuwa yanasubiri ripoti ya polisi, na mawili kweli yalisahauliwa. Hapo pana la kurekebisha.

Mfanyakazi naye ana haki ya kuuliza. Maswali yanayofaa ni haya: "Alama hii imetokana na tukio gani? Ungependa kuona nini ili mwakani nipate alama ya juu? Nani mwingine ameombwa maoni juu ya kazi yangu?" Yaulizwe kwa utulivu na kwa heshima anayostahili mkubwa wa kazi, lakini yaulizwe.

Kuhusu saini, fahamu kwamba katika ofisi nyingi kutia saini kunathibitisha kwamba umeiona fomu. Kama maandishi ya fomu yanasema unakubali, na wewe hukubali, andika juu ya saini yako: "Nimeisoma, sikubaliani na kipengele cha tatu, maelezo yangu yameambatishwa." Kisha ambatisha ukurasa mmoja wa hoja zako na ubaki na nakala. Usikatae kwa hasira, wala usitie saini fomu yenye nafasi zisizojazwa.

Makosa ambayo msimamizi ayaepuke

Kosa kubwa ni kukumbuka ya jana tu. Afisa aliyefanya kazi vizuri miezi kumi akateleza Novemba hupewa alama za Novemba. Kinga yake ni msimamizi naye kuwa na daftari la mwaka, na kuzungumza na watu wake angalau kila baada ya miezi mitatu. Tathmini ya mwaka isilete jambo ambalo mfanyakazi hajawahi kuambiwa.

La pili ni sifa moja kufunika zote. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilionyesha hili mwaka 1920 alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi wanavyowapima askari wao: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa yote. Katika ofisi ya Juba, sifa hiyo mara nyingi ni ufasaha wa Kiingereza. Anayeandika ripoti maridadi huonekana hodari, na anayejua kumtuliza mwenye duka aliyepata hasara, kwa lugha ya mteja huyo, huonekana wa kawaida. Pima kila kipengele peke yake.

La tatu ni upendeleo wa undugu, kabila au nchi. Msimamizi akiwa na uhusiano wa karibu na anayempima, aseme wazi na mtu wa pili aipitie fomu. Na hata pasipo uhusiano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zipitiwe na mtu mwingine kabla ya kuthibitishwa.

La nne ni kulazimisha mgawanyo, kwa mfano kudai kwamba lazima mmoja kati ya kumi awe wa chini. Kampuni kubwa ya Microsoft iliutumia mtindo wa kuwapanga wafanyakazi kwa daraja za lazima, kisha ikauacha Novemba 2013. Katika tawi la watu kumi au kumi na tano mtindo huo ni dhuluma ya wazi. Wote wakifanya vizuri, mmoja atatolewa kafara ili hesabu itimie.

La tano ni kudhani kwamba kila maoni humwendeleza mtu. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matukio, maoni yaliyotolewa yalishusha utendaji. Walieleza kwamba maoni hupoteza nguvu yanapomgusa mtu mwenyewe na kuiacha kazi pembeni. Zungumzeni faili, simu, hesabu na tarehe.

Alama zikiwa mbaya

Alama mbaya bado si kufukuzwa. Hatua ya haki ni mpango wa maandishi wa kuboresha kazi, unaotaja upungufu wenyewe, kiwango kinachotakiwa, msaada utakaotolewa, muda, na tarehe za kukutana. Muda ulingane na kazi. Kurekebisha uandishi wa faili kunaweza kuchukua mwezi mmoja, lakini kuongeza idadi ya wanaohuisha bima kunahitaji kupita msimu wa kuhuisha.

Nchi za kanda hii zina misimamo inayokaribiana. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake aliyemchagua, na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi kwa utendaji duni. Kifungu cha 43 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu, na mfanyakazi aliyeachishwa isivyo haki anaweza kupewa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Katika kesi ya mfanyakazi wa hoteli iliyoamuliwa mwaka 2013, mahakama ya kazi ya Kenya ilisema kwamba mwajiri anayetaja utendaji duni lazima aonyeshe mfumo aliotumia kupima na juhudi alizofanya kumsaidia mfanyakazi kabla ya kumwondoa. Uganda, kupitia Sheria ya Ajira ya 2006, nayo inataka maelezo kwa lugha inayoeleweka na nafasi ya kujitetea. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za utendaji bora za 2007, zinazomtaka mwajiri achunguze chanzo cha upungufu, atoe mwongozo na ampe mtu muda wa kujirekebisha. Anayepinga kuachishwa kazi huko ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kimataifa, Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasisitiza haki ya kujitetea kwanza. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimeuridhia.

Anayefanya kazi Juba asichanganye sheria hizi. Sudan Kusini ina Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2017, na hiyo ndiyo ya kuanzia kwa mkataba uliofungwa hapo. Itafute, usome sehemu za mkataba, notisi na kumalizika kwa ajira, na ukikwama uende ofisi ya Wizara ya Kazi au kwa wakili. Aliyetumwa Juba na kampuni ya Nairobi au Kampala asome mkataba wake aone unataja sheria ya nchi gani. Jambo hilo liulizwe kabla ya kupanda ndege, maana likiulizwa siku ya ugomvi huwa limechelewa.

Ukipokea alama usizokubali, fuata ngazi: zungumza na msimamizi, kisha andika rufaa kwa meneja au afisa rasilimali watu ndani ya muda uliowekwa na kanuni za ofisi, kisha ofisi ya kazi. Kila hatua iache karatasi yenye tarehe.

Mgeni na mwenyeji

Septemba 2014 Wizara ya Kazi ya Sudan Kusini ilitoa agizo la kuzitaka taasisi, kampuni za bima zikiwemo, ziwaondoe wageni katika nafasi kadhaa na kuajiri wenyeji ifikapo katikati ya Oktoba. Nchi jirani zilishtuka, na ndani ya siku chache serikali ikalegeza msimamo ikieleza kwamba haikukusudia kuwafukuza wageni wote. Hata hivyo swali lililozaa agizo lile lilikuwa la haki: wenyeji watajifunza lini kazi hizi kama wageni hawawafundishi?

Tathmini inaweza kulijibu vizuri kuliko agizo. Kila mtaalamu aliyetoka nje apimwe pia kwa watu aliowafundisha. Ndani ya mwaka mmoja, afisa wa Juba aliye chini yake ameweza kukadiria hatari ya ghala peke yake? Ameweza kuliongoza dai kubwa tangu kupokelewa hadi malipo? Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na fomu ya tathmini ndipo mahali pa kuonyesha kwamba mwenyeji amepona kweli. Mgeni naye alindwe. Asipewe alama mbaya kwa sababu ya pasipoti yake, na juhudi yake ya kufundisha ihesabiwe kama mafanikio, si kama njia ya kumharakishia kuondoka bila taratibu.

Pa kuanzia

Ofisi isiyo na mfumo isianze na programu ya kompyuta ya bei kubwa. Ianze na karatasi moja kwa kila kazi: majukumu makuu yasiyozidi matano, kipimo cha kila jukumu, sarafu ya kupimia, na tarehe nne za kukutana katika mwaka. Karatasi hiyo ielezwe kwa lugha ambayo mhusika anaielewa, itiwe saini na pande mbili, na kila upande ubaki na nakala.

Kisha meneja achague wateja kumi wa Malakia na masoko ya jirani, wakiwemo waliolipwa na waliokataliwa, aketi nao na kuwauliza maswali matatu: ulielezwa nini uliponunua, ulijibiwa baada ya muda gani ulipodai, na ungemshauri jirani yako anunue? Majibu hayo yaingie kwenye tathmini ya ofisi nzima, kuanzia ya meneja mwenyewe, kwa sababu wafanyakazi wataamini kipimo ambacho mkubwa wao amekubali kupimwa nacho kwanza.